Mzazi wa Mukono, usimtoe kijana shule kwa sababu ya mkono

Ndugu mhariri, salamu nyingi kutoka hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Leo kazi si nyingi, malori machache, nimekaa kwenye benchi na chai yangu nikasema ngoja niandike kabla haijapoa hasira.

Hasira yenyewe si kwa gazeti lenu. Ni ile barua ya mzazi wa Mukono anayesema kijana wake wa senior tatu anarusha mpira wa besiboli mpaka wenzake wanaogopa kusimama mbele yake na rungu, na kuna mtu amemshauri amtoe shule mwaka mzima akae anarusha tu asubuhi na jioni, eti baada ya hapo atapelekwa Marekani. Mzazi ameomba wenye ujuzi wamwambie. Sasa mimi si mtaalamu, ni klia tu wa mizigo hapa mpakani, ila nilikuwa pitcha, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, miaka saba na kiwiko changu cha kulia mpaka leo hakinyooki chote, nikikinga mkono kupokea chenji utadhani nimeficha kitu, kwa hiyo nafikiri nina ruhusa ya kusema neno.

Nimezaliwa Lugazi, kwenye kambi ya wakata miwa. Baba alitoka West Nile, jirani yetu wa kushoto Mkongo, wa kulia Mkiga, ndo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani kabisa, sikukipata mpakani kama wengi wanavyodhani. Na Lugazi kwa besiboli si mahali padogo bwana. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda kanda yetu wakatakiwa kwenda Williamsport, Pennsylvania, kule Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakanyimwa viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa hazikulingana kwenye makaratasi (mimi nikiwa mtu wa makaratasi hiyo inaniuma mara mbili). Mwaka uliofuata, 2012, wakaenda watoto wa Lugazi, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, wakafungwa na Panama 9 kwa 3 lakini baadaye wakaipiga timu ya Gresham kutoka Oregon 3 kwa 2. Mitaani kwetu watu ambao hawakujua hata besi ni nini walikuwa wanaruka. Mimi wakati huo tayari nimekua, nishamaliza mambo yangu na mkono wangu, nikaangalia kwa simu ya mtu nikalia kidogo, tuache hiyo.

Basi nirudi nyuma. Nilianza kurusha nikiwa na miaka 15. Sikufundishwa na mtu, nilikuwa narushia vipande vya miwa kwenye tenki la maji mpaka mlinzi ananifukuza, alafu mwalimu mmoja akaniona akanipa mpira wenyewe. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi, ni kama mayai mawili ya roleksi, ile chapati yetu ya kuviringisha, kabla hujaweka chapati yenyewe, kitu kidogo tu, na unautupa mita 18 na nusu kasoro kidogo. Ukiambiwa hivyo unasema hii ni kazi gani? Kazi iko kwenye kiwiko. Ndani ya kiwiko upande wa mbavu kuna kano moja fupi, hata urefu wa kidole haifiki, hiyo ndo inazuia mkono wako usifunguke kama bawaba ya mlango wakati bega limezunguka kwa nguvu zote. Kila ukirusha kwa nguvu kano inavutwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Mara moja si shida, mara kumi si shida. Shida ni mara ya mia, siku hiyohiyo, misuli imechoka na kano imebaki peke yake.

Nikaingia chuo kimoja Kampala, jina naliacha, nikawa pitcha wa kwanza wa timu. Waliniita Mshale. Ukipita kantini watu wanakuita Mshale, wasichana wanacheka, mpishi anakuongezea posho, yaani ugali. Hakuna kitu kitamu kama jina la uwanjani, hilo mzazi wa Mukono alijue, kijana wake saa hii yuko ndani ya utamu huo na hawezi kusikia mtu.

Mwaka wa pili nikaanza kuamka na maumivu. Si makali, ni kama jino linalokaribia kuuma. Kochi akasema paka dawa ya moto, itapita, pitcha gani haumwi. Nikapaka. Ikawa siwezi kupiga mswaki na mkono wa kulia, nikahamia kushoto, na likizo nikienda nyumbani najificha nyuma ya choo kupiga mswaki ili mama asione. Siku moja akaja na jerikeni yake nyuma kule, akasimama, akaniangalia hivi, akasema, "Wewe toka lini una mkono wa kushoto?" Nikasema najifunza tu mama. Hakusema kitu, akapita zake. Lakini mama zetu mnawajua, hakusahau.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mechi mbili siku moja, mchana nilirusha mechi nzima na jioni pitcha mwenzetu akawa na malaria, kochi akaniangalia tu, hata hakuuliza, mimi mwenyewe nikachukua glavu. Nikisema nilirusha mara ngapi siku hiyo nitakuwa nadanganya, maana hakuna mtu hata mmoja pale uwanjani aliyekuwa anahesabu. Na hapo ndo kosa lote lilipo, si malaria wala si mechi mbili. Inningi, yaani zamu, ya tano nikarusha moja ya kupinda, nikasikia ndani ya kiwiko kitu kama kamba ya nailoni inakatika, tap, sauti ndogo hivi, na mpira ukaenda kumpiga mtu aliyekaa kwenye kivuli anakula karanga. Watu wakacheka. Mimi nikashika kiwiko nikajua.

Sasa ngoja niwaambie wenzetu wa Marekani wanafanyaje, maana mtu anayemshauri mzazi wa Mukono hiyo sehemu haisemi. Mwaka 1974 pitcha wa Dodgers, klabu ya Los Angeles, aliyeitwa Tommy John alikatika kano hiyohiyo, na wakati ule ilikuwa ndo basi, unaenda kutafuta kazi ingine. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wa pili, akatoboa mifupa ya kiwiko, akaipitisha humo kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Tommy John akakaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akarusha mpaka 1989 akiwa na miaka 46. Ushindi wake 288, na 164 kati ya hizo ni baada ya kisu! Leo operesheni inaitwa kwa jina lake, vijana wa vyuo Marekani wanafanyiwa kila mwaka, na kupona ni mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, kila siku unafanyishwa mazoezi ya mkono na mtu aliyesomea hiyo tu. Mimi nilipewa sindano ya maumivu na kitambaa cha kufungia mkono shingoni. Silaumu mtu. Nasema tu kwamba mkono wa kule ukikatika una fundi na bima, wa huku ukikatika una mama yako.

Na mama alikuja kweli. Alichukua pesa yake ya sako, chama cha akiba, aliyokuwa anaweka kwa ajili ya mabati, akaniambia nitalipa mwaka wako wa mwisho lakini sitaki kusikia neno mpira mpaka nione kofia ya kuhitimu. Nilikuwa na ritekisi mbili, mitihani ya kurudia, kwa sababu ya kusafiri na timu, mtihani unafanyika mimi niko uwanjani. Nikazifanya. Niliandika mtihani wa takwimu na mkono umevimba, nakaza kalamu kwa vidole vitatu, mwalimu alipoona mwandiko akadhani nimelewa.

Alafu shule ikaisha na hapo ndo shida yenyewe ikaanza, hii hakuna anayekuambia. Kiwiko kiliacha kuuma baada ya miezi minane hivi. Jumamosi ndo zilikataa kuacha kuuma. Ikifika Jumamosi saa nane mchana mwili unaamka wenyewe, miguu inataka kwenda, unakaa mlangoni unaokota vijiwe unavizungusha kwenye vidole kutafuta mshono wa mpira ambao haupo. Wenzangu wa timu walinipigia simu mwezi wa kwanza, wa pili, alafu kimya, sio ubaya, timu ina mechi. Na jina Mshale nikalirudisha kwa mwenyewe, sijui ni nani analitumia siku hizi. Karibu miaka miwili nilikuwa mtu wa kukaa na kununa, nikiona watoto wanarusha mawe kwenye maembe napita njia nyingine.

Kilichonitoa ni njaa tu, sina hadithi nzuri ya kuwaambia. Binamu alikuwa turniboi, yaani utingo, wa lori la Mombasa, akaniambia Malaba wanataka mtu anayejua hesabu na Kiswahili, nikaja na shati moja. Na kumbe nilikuwa na ujuzi bila kujua. Pitcha kazi yake nusu ni kurusha na nusu ni kusoma mtu, mpigaji anayetaka mpira wa chini magoti yake yanakuambia kabla ya mikono. Huku dereva akileta invoisi yenye shida, mdomo unaongea vizuri kabisa, salamu mpaka za wajukuu, lakini miguu haitulii. Bosi wangu wa kwanza alidhani mimi mchawi.

Turudi kwa kijana wa Mukono. Mzazi amewataja Umar Male na Ben Serunkuma, na ana haki, hao ni wetu na ni mapitcha wote wawili, Dodgers waliwasaini 2022, Waganda wa kwanza kuingia kwenye klabu za ligi kubwa ya Marekani. Alafu David Matoma akaenda kwa Pirates wa Pittsburgh. Na yule Dennis Kasumba aliyekuwa anafanya mazoezi na matairi kule Gayaza, 2023 akafika timu ya Frederick Keys huko Marekani kucheza ligi ya vijana wanaotafuta kuchukuliwa. Nawashangilia wote. Lakini kusainiwa sio kufika, chini ya ligi kubwa kuna ngazi kadhaa, na ngazi ya chini kabisa kule Marekani mshahara uliokubaliwa 2023 ulikuwa dola 19,800 kwa mwaka. Ukibadilisha kwa shilingi zetu unaona ni pesa, sikatai, ila hiyo ni pesa ya kuishi huko, na inasimama siku kano inaposimama.

Njia ya pili ni koleji, na hiyo ndo ningemwambia aifikirie, na hiyo bila shule haipo. Hakuna chuo Marekani kitakachompokea mtoto aliyeishia senior tatu hata akirusha risasi. Na asidhani skolashipu ni yote au hakuna. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kimichezo kilikuwa na skolashipu 11.7 tu za besiboli, ndio, na nukta saba, na kochi anazikatakata kwa wachezaji mpaka 27, huyu robo, huyu nusu, kama mama anagawa samaki mmoja kwa nyumba nzima. Sheria imebadilika 2025, vyuo vilivyokubali mpango mpya vinaweza kuwapa wachezaji wote 34, lakini kuweza sio kutoa. Na baada ya koleji kuna drafti, timu za ligi kubwa zinachagua vijana kwa zamu, raundi 20, timu 30, ni vijana 600 na kidogo wanaochaguliwa nchi nzima, wakiwemo wa sekondari.

Tena wale waliochaguliwa angalia yanayowapata. Mark Appel alikuwa pitcha wa Stanford. 2012 Pirates walimchagua wa nane, akakataa, akarudi darasani amalize digrii yake, ya mambo ya uinjinia na usimamizi. 2013 akawa namba moja wa nchi nzima, Astros wakampa bonasi ya zaidi ya dola milioni 6. Namba moja! Mkono ukaanza kusumbua, mwaka 2018 akaacha mpira kabisa. Akarudi 2021, na tarehe 29 Juni 2022 ndo akarusha kwenye ligi kubwa mara ya kwanza, na jezi ya Phillies, ana miaka 30. Mechi 6 msimu huo. Huyo ndo alikuwa bora kuliko wote mwaka wake. Mimi nikisoma habari yake nilikuwa najiuliza, ile miaka alipokaa nje alikuwa anaamka asubuhi akiwa nani? Kama asingekuwa na ile digrii angekuwa kama mimi mlangoni na vijiwe, tofauti tu ni mlango mzuri.

Au Mark Prior, alirusha chuo cha USC, akachukuliwa wa pili 2001, 2003 alishinda mechi 18 na Cubs watu wakasema huyu hatuoni mwingine, na 2006 akarusha mechi yake ya mwisho ya ligi kubwa hajafika hata miaka 26. Alihangaika kurudi miaka mingi, haikuwa. Unajua alipoishia? Toka 2020 ni kochi wa mapitcha wa Dodgers, klabu ileile iliyowasaini Male na Serunkuma. Kuna na Craig Breslow wa Yale aliyesomea mambo ya molekuli, leo ndo mkubwa wa besiboli pale klabu ya Boston Red Sox, na Chris Young wa Princeton, meneja mkuu wa Texas Rangers walipochukua kombe 2023. Wote mapitcha wa koleji. Mikono ilichoka, wao wenyewe wakaendelea.

Sasa yule anayetaka kijana arushe asubuhi na jioni mwaka mzima. Ndugu yangu, hata hao wenye mahospitali wanahesabu! Kwenye besiboli ya watoto ya Little League mtoto wa miaka 11 au 12 mwisho ni kurusha mara 85 kwa siku, wa 13 mpaka 16 mara 95, na wa miaka 14 kushuka akipita 65 anapumzika siku nne hagusi mechi kama pitcha. Mimi Jumapili nafundisha watoto kumi na kitu hapa karibu na Tororo, kiwanja chetu ni cha kuazima na ng'ombe ndo wenye kiwanja. Sina kompyuta wala kifaa cha kubonyeza. Natumia punje za mahindi. Naweka 85 mfuko wa kulia, kila mtoto akirusha nahamisha moja mfuko wa kushoto, punje zikiisha anakaa chini hata kama tumebakisha mtu mmoja tushinde. Siku moja nilinunua mahindi ya kuchoma nikapukuchua hizohizo, basi katikati ya mechi, mawazo yakiwa mbali, nikaanza kutafuna. Mpwa wangu, yeye ndo alikuwa anarusha, akasimama akanyoosha kidole, "Mjomba, unakula hesabu!" Nikamtoa palepale maana sikujua tumefika ngapi. Tukafungwa. Wazazi walininunia wiki nzima, mmoja akasema mimi namwonea wivu mtoto kwa vile wangu ulikatika. Labda iko asilimia kidogo ya ukweli, sijui, ila mkono wa mtoto uko mzima.

Kwa hiyo mzazi, abaki shule. Arushe siku tatu kwa wiki na mtu mzima anahesabu kwa kitu asichoweza kula. Miezi mitatu au minne kwa mwaka asirushe kabisa, acheze mpira wa miguu, akimbie, alime. Mipira ya kupinda ingoje kwanza. Afanye mitihani ya senior nne, afike senior sita, hapo ndo mtafute kochi wa koleji wa kumwandikia, na video ya simu inatosha kuanza. Na yule mshauri wenu muulize swali moja tu, kiwiko kikikatika yeye analipa nini.

Alafu kesho asubuhi, kabla hujafanya lolote, usimuulize kijana kama anaumwa, atakataa, mimi nilikataa. Simama tu mbali kidogo umwangalie anapiga mswaki na mkono gani.

Ni mimi, klia wa Malaba